Miti ya Shiraa

Ko. Ko. Ko.

Ulikuwa mti unaogonga ukuta, na mwenye kuugongesha alikuwa bado hajatokea. Ridhwani, aliyejibanza katika daka la jirani, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, aliusikia mlio ukitambaa nyuma ya kona, akajua kuwa ni shiraa. Hakuna kitu kingine mjini Amu kilicholia hivyo. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa waungwana, ni vyembamba, punda wawili hawapishani bila ugomvi, na shiraa ni hema la nguo litembealo: mwanamke mmoja mbele na miti miwili, mmoja nyuma na miwili, na katikati yao, ndani ya nguo, bibi wa nyumba anakwenda zake arusini bila mwanamume kumuona hata kisigino. Miti hugonga kuta pande zote mbili. Mlio hutangulia, wenye adabu wakajitayarisha.

Ridhwani naye alijitayarisha. Magotini alikuwa na kikapu cha ukili, na ubavuni mwa kikapu tundu alilolikata mwenyewe kwa kisu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kamera.

"Ridhwani," aliita Madi, mshona kofia, kutoka baraza ya mbele ambako alikaa na wenziwe, kila mtu na sindano yake. "Kikapu hicho chataga lini? Tangu asubuhi wakiatamia."

"Kikitaga utaliona yai, Madi. Na utalilipia kiingilio."

Walicheka. Hawakujua kilichomo. Huo ndio uliokuwa ufundi wake na ndiyo iliyokuwa jeuri yake. Kule Unguja, kwa Mgoa aliyemfundisha kazi, watu waliwekwa kwenye kiti, wakabanwa shingo kwa chuma, wakakaa kama maiti wanaosubiri sanda. Ridhwani aliziita picha zile picha za magogo. Yeye alitaka watu walio hai, wasiojua kuwa wanatazamwa. Kwa hiyo alirudi Amu na kamera yenye jicho pana kuliko kikombe cha kahawa. Jicho pana hunywa nuru kwa pumzi moja, hata kichochoroni penye kivuli, na mpita njia hana haja ya kusimama. Lakini lina tabia yake. Likiwa wazi namna ile, huona umbali mmoja tu. Ukiliwekea hatua sita, aliye hatua sita huonekana hadi unyoya wa nyusi; aliye mbele yake ni moshi, aliye nyuma yake ni moshi.

Aliliwekea hatua sita. Shiraa ikakata kona.

Aliyeshika miti ya mbele alikuwa Zafarani. Alizaliwa mtumwa katika nyumba ya kina Ridhwani, akakulia humo, na Bi Mwanamkisi, mamake Ridhwani, alipojifungua asipate maziwa, Zafarani ndiye aliyemnyonyesha mtoto. Ridhwani alimwita Mama mpaka masharubu yalipoanza kumuota. Kisha akamwita Zafarani.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu serikali itangaze kuwa hakuna tena mtumwa katika nchi. Siku ya pili ya tangazo lile, Zafarani alijitanda ukaya akajifinika uso. Mtumwa hakujifinika, hiyo ilikuwa haramu ya mji, si ya Mungu. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume aliyeuona uso wake njiani. Leo alishika miti kwa hisani tu, maana Bi Mwanamkisi alimwendea mwenyewe akamwambia hana mwingine, naye akakubali kwa sharti moja: atashika akiwa amejifinika.

Upepo ulikuwa umemngoja konani. Uliuingia ukaya kwa chini, ukauinua, ukautupa nyuma ya shingo.

Mikono yake miwili ilikuwa na miti. Angeiachia, angejifinika kwa kufumba na kufumbua, na nguo ingeanguka, na Bi Mwanamkisi angebaki wazi mbele ya baraza nzima. Hakuiachia. Alisimama vile vile, uso mtupu, midomo ikitetemeka, akingoja mwenziwe wa nyuma aelewe. Madi na wenziwe waligeuza nyuso zao ukutani wote kwa pamoja, kama adabu inavyotaka.

Jicho la kikapuni halikugeuka.

Tak.

Mlio ulikuwa mdogo, kama kokwa ya ukwaju ikivunjwa kwa meno. Zafarani aliusikia. Alikitazama kikapu, akamtazama mwenye kikapu, kisha akaendelea na safari. Ko. Ko. Ko.

*

Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Kuta zilikuwa moshi, shiraa moshi, na katikati ya moshi huo uso mmoja, mkali kama sindano: kila kunyanzi, chozi lililokwama, hata kovu la tetekuwanga juu ya nyusi.

Bwana Husseini, mwenye duka la saa na vioo kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, aliipeleka karatasi ya picha mlangoni penye nuru, akaitazama pembe hadi pembe.

"Meli inakuja mwezi huu," alisema. "Nipe kioo chenyewe kilichonasa picha, nikipeleke Ulaya. Watachapa kadi za posta, maelfu kwa maelfu. Na chini yake jina lako, Bwana Ridhwani. Herufi za dhahabu, wallahi."

Ridhwani hakulala vizuri kwa furaha. Jina lake. Wangapi Amu majina yao yalivuka hata mlango wa bahari?

Zafarani alikuja kesho yake. Hakukaa. Alisimama kiwandani, pale uani katikati ya nyumba, ukaya umebanwa chini ya macho.

"Bwana Ridhwani, nimekuja kuchukua uso wangu."

"Uso wako unao."

"Nipe kioo."

"Kile ni kazi yangu, Zafarani. Ni nuru tu, haikupunguzii kitu. Mbona hata mimi ninakuona kila siku?"

"Wewe ni mwanangu wa ziwa. Uso wangu kwako ni halali, mbele ya Mungu na mbele ya watu. Kioo kile sikukinyonyesha." Aliuvuta ukaya. "Nimetazamwa tangu kuzaliwa na kila mwenye mato, atakaye na asotaka. Miaka mitatu hii ndiyo yangu. Uso huu si wa ndiani tena."

Ridhwani alikuwa kijana asiyependa kushindwa kwa maneno, hasa maneno yaliyo kweli.

"Meli ya Ulaya ikishaondoka," alisema, "njoo tuzungumze."

Zafarani hakulia wala hakumlaani. Ingekuwa nafuu kama angemlaani.

"Basi radhi yangu imo humo kiooni," alisema. "Ukinirudishia, umeipata. Ukikisafirisha, nayo imesafiri. Uitafute huko Ulaya."

Akatoka. Siku chache baadaye homa ikamshika, na kabla ya meli kuonekana, Zafarani akafa.

*

Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake. Zafarani hakuwa na baba, hakuwa na ndugu, hakuacha mtoto. Wanaume waliobeba jeneza walitazamana kando ya shimo, mpaka mzee mmoja akasema, "Yuko mwana wa ziwa. Hawezi kukataa."

Hakuweza. Ridhwani alishuka.

Juu yake walitandaza nguo ya kijani, wanne wakishika pembe nne, ili maiti asionekane. Ndipo alipotambua, akiwa amepiga magoti mchangani chini ya ile nuru ya kijani, kwamba hii ilikuwa shiraa. Maisha yake yote Zafarani aliishika kwa nje. Leo yumo ndani.

Ilimpasa aifungue sanda upande wa kichwa na kuliweka shavu lake juu ya udongo. Alifanya hivyo macho yamefumbwa. Vidole vyake vilipapasa, vikalipata kovu juu ya nyusi, vikasita.

Ko. Ko.

Mti juu ya jiwe, karibu kabisa na sikio lake. Alifumbua macho. Mwanandani, lile shimo la ubavuni mwa kaburi, mlikuwa na sanda tu, na mbao za kufunikia zilikuwa bado hazijateremshwa.

*

Alijiambia kuwa kazi huponya. Alichukua kikapu akaenda Usita wa Mui, akaliwekea jicho umbali wa punda aliyebeba mawe, akapiga. Nyumbani alijifungia ndanimle, chumba cha mwisho kisicho na dirisha, akakiosha kioo kwa dawa chini ya taa nyekundu. Punda alitoka moshi. Mchungaji wake moshi. Na kati yao, pale pale umbali ulipowekwa, alisimama mwanamke amempa mgongo, mkali kama sindano, mikono imeinuliwa usawa wa mabega, ngumi zimefumbata hewa kama zishikavyo miti.

Hapakuwa na mwanamke pale. Ridhwani angeapa.

Siku ya pili alikwenda dikoni, samaki wanaposhushwa, akaliwekea jicho karibu zaidi. Wachuuzi wakatoka moshi. Mwanamke alikuwepo, karibu zaidi kwa kiasi kile kile. Safari hii alikuwa ameanza kugeuka. Shavu lilionekana, na ngumi zilikuwa zimeteremka kidogo.

Alilisafisha jicho kwa hariri. Akatoa kisahani cha shaba chenye tundu dogo kama punje ya mtama, kile kinachopachikwa jichoni kulibana, akapiga tena. Hapo kila kitu kikawa wazi, kutoka miguuni pake hadi mwisho wa mtaa, na mwanamke hakuwemo. Lakini nuru ilikuwa haba, watu walikuwa wakitembea, na wote wakatoka wamevurugika kama matope. Alikitoa kisahani. Mwanamke akarudi.

Hapo Ridhwani akaelewa kitu ambacho hakutaka kukielewa. Mwanamke yule hakuwa anamfuata mahali hadi mahali. Alikuwa anasimama popote jicho lake linapotazama. Kila alipochagua umbali, alikuwa anamchagulia yeye pa kusimama.

Alitaka kujua mwisho wake. Ndivyo walivyo watu wa namna yake. Ukiwaonyesha shimo watakuuliza kina. Mchana mmoja, mamake akiwa juu, aliielekeza kamera kwenye ukuta mtupu wa chumba chake mwenyewe, akalivuta jicho hadi umbali wa mwisho kwa ukaribu, urefu wa mkono. Tak. Akakiosha kioo kwa dawa.

Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na ngumi mbili tu, kubwa, zimejaa kioo kizima, kucha zenye hina iliyofifia.

Na vidole vilikuwa vimeanza kufunguka.

*

Meli ilitia nanga. Bwana Husseini alimtumia salamu: alete kioo kabla ya adhuhuri, na karatasi mpya iliyo safi, wachapaji wapate mfano.

Ridhwani alikitoa kioo cha kwanza sandukuni bila kukitazama. Alikilaza juu ya karatasi, akavibana pamoja kwa ubao, akaliacha jua la kiwandani lifanye kazi yake. Karatasi zile hazihitaji giza. Jua lenyewe huchora, polepole, mbele ya macho yako. Alichuchumaa akangoja.

Moshi ulikuja kwanza, kuta mbili za kichochoro. Kisha, hatua sita ndani ya moshi, uso ukaanza kupanda juu ya karatasi, mkali, wazi. Pua ndefu. Kipini cha dhahabu. Kishimo cha kidevuni.

Haukuwa uso wa Zafarani.

Zafarani alikuwa pembeni, amejaa moshi, na mikono yake haikushika kitu. Ilikuwa imefinika uso wake, kiganja juu ya kiganja, kama mtu aliyepumzika baada ya kazi ya miaka mingi. Miti ilikuwa chini. Nguo ya shiraa ilikuwa imelala juu ya mawe kama ngozi iliyovuliwa. Na mahali palipo wazi, mbele ya baraza na mbele ya dunia, alisimama Bi Mwanamkisi, kichwa kitupu, mdomo wazi kwa fedheha.

"Umechora nini leo, mwanangu?" Sauti ya mamake ilitoka juu ya ngazi.

Kabla hajafikiri, Ridhwani alikwisha kuinama, ameufinika uso ule kwa viganja vyake viwili. Alibaki hivyo, amebana kama aliyefumaniwa. Ndipo fikra ikaja, taratibu, kama picha ijavyo juani: kwa uso huu mikono yake ilikimbia yenyewe. Kwa ule mwingine ilikaa imetulia juu ya kikapu.

"Si kitu, mama," alisema. "Kimeharibika."

Aliitoa karatasi akaiacha juani bila kinga. Jua liliendelea kuchora hata uso ukazama, na karatasi yote ikawa nyeusi.

Shiraa ilikuwa imekunjwa katika daka la nyumbani, juu ya miti yake. Ridhwani alikifunga kioo katika kilemba, akakitia kifuani, akaipachika nguo yake ya kijani kwenye miti kama alivyoona Zafarani akifanya. Bi Mwanamkisi alishuka hadi mlangoni.

"Waipeleka wapi? Mimi sitoki leo."

"Wewe hutoki, mama. Yuko atokaye."

"Ridhwani, hiyo ni kazi ya wajakazi. Watu watasema."

"Na waseme. Wana ndimi, nina masikio."

Alishika miti miwili ya mbele, mmoja kila mkono, akaipa nyumba mgongo. Ile ya nyuma ilikuwa ikiburutwa; aliisikia ikikwaruza mawe hadi kwenye kona. Hapo ikaacha kukwaruza. Nguo ikawa nyepesi nyuma yake, imekaa sawa, imeinuka.

Hakugeuka.

Ko. Ko. Ko, miti yake kwenye kuta. Na nyuma, nusu hatua baadaye, ko. Ko. Ko.

Barazani Madi aliinua kichwa kutoka kwenye kofia yake, akaona mwana wa Mkomani ameshika miti, akakosa la kufanya ila kutunga:

"Mwenye nyumba ya ghorofa, leo yuwashika miti,
Ndani mna mwenye sifa, au ni hewa na shati?"

Wenziwe walipasuka kwa kicheko. Ridhwani alipita, uso wake wazi mbele yao, jasho likimtiririka asiweze kulifuta, maana mikono ilikuwa na miti. Alitaka sana kuinamisha kichwa. Akakumbuka kuwa Zafarani hakuinamisha.

Kisha sehemu ya nyuma ya shiraa ikapita mbele ya baraza, na kicheko kikakatika kama uzi. Madi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza uso wake ukutani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeshika nyuma.

Kwenye Usita wa Mui, Bwana Husseini alitoka dukani mikono mbele, tayari kupokea.

"Kioo, Bwana Ridhwani? Mashua yangoja."

"Hakiendi."

"Na jina lako?"

"Ninalo mwenyewe."

Bwana Husseini alitaka kusema zaidi. Jicho lake likateleza likaenda nyuma ya bega la Ridhwani, likakaa huko. Alirudi kinyumenyume hadi ndani ya duka lake.

Walitoka mjini, wakapita vibanda vya makuti vya Langoni, wakafika makaburini kwenye mchanga mweupe. Hapakuwa na kuta tena za kugongwa, na ukimya ulikuwa mzito kuliko ule mlio. Juu ya kaburi jipya Ridhwani aliichomeka miti yake miwili mchangani. Ile ya nyuma ilikuwa tayari imesimama. Nguo ilikaa juu ya kaburi kama paa, na upepo haukuigusa.

Mchanga waliopitia ulikuwa na nyayo za mtu mmoja.

Aliingia chini ya nguo, katika nuru ile ile ya kijani, akapiga magoti. Alichimba kwa vidole upande wa kichwa, akakitoa kioo kilembani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakiinua kwenye nuru. Kuta. Moshi. Hakuna mtu. Mahali pa hatua sita palikuwa patupu na safi, kama pa mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani.

Akakilaza shimoni, akakifukia, akausawazisha mchanga kwa kiganja. Ilimbidi alitafute lile neno mbali, huko nyuma ya masharubu, utotoni, na alipolipata alilisema kwa sauti, ili yeyote aliyeko alisikie.

"Mama. Uso wako huu, nimekurudishia. Jicho langu halitamchukua mtu tena kabla sijamuomba, uso kwa uso, na akikataa, basi. Wewe jifinike. Na siku yoyote ukitaka kutoka, gonga ukuta tu, nitakuja niishike miti."